WiFi ya Mtaa: Hivi Ndivyo Data Yako Huhesabiwa, na Hapa Ndipo Hesabu Hukataa

Kama unaishi Pipeline, Githurai, Kayole ama Zimmerman, hii biashara unaijua. Kuna msee amechukua laini ya faiba kutoka kwa kampuni kubwa, akaifikisha juu ya plot, akashusha nyaya hadi kwa milango, na sasa kila mwisho wa mwezi unamtumia doo kwa M-Pesa. Wengine wanauza vocha za mbao, unapata masaa kadhaa na maisha inaendelea. Huyo msee ni kampuni ya intaneti, hata kama ofisi yake ni meza moja ndani ya cyber.

Sasa swali. Anajuaje umetumia ngapi? Na akikuambia umemaliza GB zako na wewe wiki nzima ulikuwa ushago, nani anasema ukweli? Hii stori ni ya pande zote mbili: wewe unayelipa, na wewe unayepiga hesabu ufungue ya kwako kwa sababu umeona jirani anaomoka. Mara nyingi hakuna mtu anaiba. Ni kaunta inasomwa vibaya na mtu ambaye hajui inahesabu nini.

Yeye hununua spidi, wewe hutumia mzigo

Hapa ndio watu wengi hupotea, kwa hivyo twende pole pole. Mbps ni spidi, yaani megabiti ngapi zinapita kwa sekunde. GB ni mzigo, yaani jumla ya vitu vilivyopita. Biti nane ndio hufanya baiti moja, kwa hivyo laini ya 10 Mbps ikivuta bila kupumzika kwa saa moja inabeba GB 4.5. Ukiwa na kifurushi cha 5 Mbps na usizime usiku na mchana kwa siku 30, unaweza kumaliza karibu GB 1,620. Hakuna mtu hufanya hivyo, lakini hiyo ndio dari.

Msee wa WiFi kwa kawaida hanunui GB. Ananunua Mbps. Tuseme amechukua 200 Mbps na analipa bei ile ile kila mwezi, ikitumika ama ikilala. Amekuuzia wewe 10, jirani 10, na wengine 58 pia 10 kila mmoja. Hiyo ni 600 juu ya laini ya 200. Usikimbie kwa Twitter kumuita mwizi. Kila kampuni ya intaneti duniani hufanya hivyo, kubwa kwa ndogo, kwa sababu watu wote hawatumii kwa wakati mmoja. Ni kama matatu: sacco hainunui gari moja kwa kila abiria.

Shida ni saa za jam. Kuanzia saa mbili usiku hivi, watu wamerudi kejani, TV zimewashwa, mtoto ako kwa YouTube, mwenye nyumba namba kumi ako kwa Netflix ya HD, ambayo inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Hapo ndio 200 inajaa na wewe unaangalia kale kaduara kakizunguka. Lakini yule chali wa third floor anayeshusha game kubwa kuanzia saa nane usiku hadi asubuhi? Kwa mzigo yeye ndio namba moja kwa plot, na hajamgharimu msee wa WiFi hata ndururu, juu laini ilikuwa imelala. Mathe anayetazama series saa tatu usiku kila siku ametumia kidogo kuliko huyo chali, na yeye ndio anajaza barabara.

Kwa hivyo msee makini anahesabu vitu viwili tofauti na hazichanganyi. Cha kwanza ni spidi ya laini yote, kila dakika tano, ajue jam inaanza saa ngapi na kama wakati wa kuongeza Mbps umefika. Cha pili ni mzigo wa kila mteja, ndio bili na vifurushi vya GB viwe vya haki. Ukitumia ya pili kutibu ya kwanza, utafukuza wateja wa usiku na jam itabaki pale pale.

Kuna kampuni za juu ambazo hulipisha kwa kile kinaitwa asilimia 95. Wanapima spidi yako kila dakika tano. Kwa siku 30 hiyo ni vipimo 8,640. Wanatupa 432 vya juu kabisa, na unalipa kile kinachofuata. Vipimo 432 ni masaa 36 kwa mwezi, yaani saa moja na dakika 12 kwa siku. Sasa piga hesabu: jam ya plot yako inakaa masaa matatu kila usiku. Haiwezi kutupwa yote. Utalipa bei ya jam, na zile saa zingine 21 hazitakuokoa.

Grafu ya laini

Njia ya kupima laini nzima ni ya kitambo. Mwaka wa 1994 Tobias Oetiker alikuwa anafanya kazi mahali kulikuwa na laini moja tu ya kilobiti 64 kwa sekunde, na kila mtu alitaka kujua inaendeleaje. Akaandika programu inaitwa MRTG, akaitoa 1995. Ilikuwa inauliza rauta kila dakika tano, "umepitisha baiti ngapi?", inatoa jibu la sasa kwa jibu la mwisho, inagawa kwa muda, inachora. Programu za leo ni za kupendeza zaidi lakini ndani zinafanya kitu kile kile, na lugha ya kuulizia ni ile ile, SNMP.

Kaunta ya zamani ya SNMP ni ya biti 32. Maana yake ikifika 4,294,967,296 inarudi sufuri, kama ile odomita ya gari mzee. Kwa laini ya 100 Mbps iliyojaa, inazunguka kwa chini ya dakika sita. Kwa 200 Mbps, chini ya dakika tatu. Wewe unauliza kila dakika tano, kumbe imeshazunguka na kuanza tena, na programu haina njia ya kujua. Grafu itakuonyesha laini imetulia saa tatu usiku na simu yako inalia wateja wakitusi. Dawa ni kusoma kaunta ya biti 64, jina lake ni ifHCInOctets na mwenzake ifHCOutOctets. Rauta nyingi za siku hizi ziko nazo. Ni kuchagua tu.

Sasa mteja mmoja mmoja

Mtaani rauta ambayo utapata sana ni MikroTik, ya jamaa wa Latvia, kwa sababu bei inalipika na inafanya karibu kila kitu. Msee anayeanza hufungua foleni moja kwa kila mteja, Simple Queues kwenye menyu, anaweka spidi, na foleni yenyewe inahesabu baiti zilizopita. Anaona namba, anafurahi, anaandika kwa daftari.

Hiyo njia iko na mashimo mawili. Stima ikipotea na rauta ikazima, kaunta inaanza upya. Na stima hapa kwetu unaijua, 25 Agosti 2023 nchi nzima ilikaa giza usiku. Shimo la pili ni la kimya zaidi. MikroTik ndogo nyingi huja na kitu kinaitwa FastTrack, ambacho kinapitisha trafiki kwa njia ya mkato ndio prosesa isichoke. Trafiki ikipita hiyo njia inaruka Simple Queues kabisa. Matokeo ni mateja amelipa 5 Mbps anapata 40, na foleni inaonyesha hajatumia kitu. Ukiona mteja hana kilio hata siku moja, cheki hiyo kitu kwanza.

Njia ya maana ni RADIUS. Hiyo imekuwa kazini tangu enzi za kupiga simu ndio uingie intaneti, na bado ndio hubeba kampuni nyingi. Kila mteja anapewa jina na password yake. Rauta ikitaka kumruhusu, inauliza seva ya RADIUS. Akishaingia, rauta inaanza kutuma ripoti: ya kuanza, Start; za njiani, Interim-Update; na ya kumaliza, Stop. Kwa hizo ripoti kuna jina la mteja, muda aliokaa, na baiti alizotumia pande zote. Seva inaweka kwa database. FreeRADIUS ni ya bure, unahitaji tu kompyuta ndogo ama seva ya kukodi. Rauta ikizima, rekodi ziko mahali pengine, salama.

Lakini hapa ndio makosa ya kuumiza watu hutokea, na ukiwa mteja hizi ndizo za kujua.

Kubwa kuliko zote: ripoti za njiani hazisemi umetumia ngapi tangu ripoti ya mwisho. Zinasema umetumia ngapi tangu uingie. Cheki mfano. Unatumia MB 500 kila nusu saa kwa masaa mawili. Rauta itatuma 500, halafu 1,000, halafu 1,500, halafu 2,000. Umetumia GB 2. Sasa kuna msee alilipa mtu wa kumuandikia mfumo wa bili, na huyo mtu akajumlisha ripoti zote. 500 na 1,000 na 1,500 na 2,000 ni 5,000. Umechajiwa GB 5. Na kadri unavyokaa ndani bila kukatika ndivyo uongo unavyokua. Akaunti ya mtu anayewacha rauta yake on mwezi mzima itasoma vitu vya ajabu. Huyo ndio mtu ataambiwa "wewe ndio unamaliza net ya watu" na hana habari. Mfumo mzuri unachukua namba ya mwisho ya kila sesheni, basi.

Ya pili ni ile odomita tena. Namba ya baiti kwa RADIUS pia ni ya biti 32, inazunguka kwa GB 4.29. Kwa 10 Mbps mteja anafika hapo kwa dakika kama 57. Ndio maana waliongeza sehemu ingine, Gigawords, ambayo inahesabu ni mara ngapi imezunguka. Mteja akishusha GB 10 kwa sesheni moja, namba ya kawaida itasoma 1,410,065,408, yaani GB 1.4, na Gigawords itasoma 2. Usipozijumlisha, GB 8.6 zimehepa. Hii humuumiza mwenye WiFi. Anaona kwa daftari watu wanatumia kidogo, anaona laini imejaa, anaanza kushuku kuna mtu anamuibia. Anapanda juu ya plot na tochi kutafuta waya ya wizi. Hakuna waya.

Ya tatu ni upande. Input na Output kwa RADIUS zimeandikwa kwa macho ya rauta ya provaida. Input ni kile rauta imepokea kutoka kwako, yaani ulichotuma. Output ni kile ulichoshusha. Watu huzigeuza kila siku. Kama bili inahesabu jumla ya zote mbili, hakuna noma. Kama kifurushi kinahesabu kushusha peke yake, basi yule anayefanya video calls za kazi na yule anayetazama movie watabadilishiwa bili.

Halafu kuna Stop iliyopotea. Hizi ripoti husafiri kwa UDP, ambayo haina risiti. Ikianguka njiani rauta inajaribu tena mara chache halafu inaachana nayo. Stima ikikatika ghafla Stop haitumwi kabisa. Database itaonyesha uko ndani hadi leo, na ukirudi mfumo unakwambia akaunti yako inatumika mahali pengine. Huyo si jirani amekuibia password. Ni mzimu wa sesheni ya jana. Ripoti za njiani ndizo husaidia hapa, kwa sababu hata Stop ikipotea, kilichopotea ni dakika chache tu za mwisho. Kanuni za RADIUS zinasema usiziweke karibu kuliko sekunde 60, na heri zisiwe chini ya 600, ndio seva isizame. Kila dakika kumi inatosha.

Na kale ka-mwisho: GB si GB. Kuna ile ya 1,000,000,000 na kuna ile ya 1,073,741,824, ambayo MikroTik hukuandikia GiB. Tofauti ni kama asilimia 7. Kwa kifurushi cha 100 hiyo ni GB 7 na kidogo, weekend nzima ya mtu. Provaida achague moja na aiseme kwa bei.

Vocha na simu zenye nyuso nyingi

Kwa hotspoti za vocha hesabu ni rahisi ukifunga mzigo ama muda kwa namba ya vocha. Ukifunga kwa simu umejitafutia. Zamani kila simu ilikuwa na MAC yake, kama namba ya kitambulisho. Android 10 ilipokuja 2019 na iOS 14 mwaka wa 2020, simu zilianza kuonyesha MAC ya kubuni kwa kila WiFi. Na mwenye simu anaweza kuigeuza. Kwa hivyo ukisema "dakika 15 za bure kwa kila simu", ujue kuna mbogi ya high school hapo nje inakula dakika 15 za bure tangu Jumatatu.

Kwa upande mwingine, mteja wa nyumba anaonekana kama mtu mmoja hata wakiwa sita ndani. Rauta yake inawaficha wote nyuma ya anwani moja. Msee wa WiFi anaona "nyumba 4C imetumia GB 300", haoni ni TV, ni simu, ama ni wewe umempa jirani password.

Anaona nini kingine?

Hii ndio swali watu huuliza inbox. RADIUS na foleni zinahesabu mzigo tu, kama mizani ya ngano. Kuna chombo kingine, NetFlow, kilitoka Cisco, ambacho kinaandika ni anwani gani iliongea na anwani gani, saa ngapi, baiti ngapi. Kinasaidia kujua jam imeletwa na video ama na simu imeingiwa na virusi inatuma takataka usiku kucha. Hakionyeshi ndani ya ujumbe. WhatsApp yako imefungwa, benki yako imefungwa, na site yoyote ya HTTPS ukurasa wenyewe umefungwa. Lakini jina la site linaweza kuonekana, hasa ukitumia DNS ya provaida. Hiyo peke yake inasema mengi: unaingia site ya betting saa ngapi, ya kutafuta kazi saa ngapi, ya hospitali gani.

Kwa hivyo rekodi hizo si za kuchezea. Katiba kifungu cha 31 kinalinda faragha ya mawasiliano yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema anayekusanya data yako akusanye ile anahitaji kwa kazi, akuambie, na aitunze. Kwa bili anahitaji jina la akaunti, muda na baiti. Hana haja ya kujua site. Caretaker akianza kukwambia unatazama nini, hiyo haikutoka kwa hesabu ya bili, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko ya aina hiyo. Na wewe unayetaka kufungua: leseni ni ya Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Kuuza bila leseni ni hatia, hata kama wateja wako wote ni majirani.

Mkikosana kuhusu GB

Usianze na matusi kwa group ya plot. Omba orodha ya sesheni zako: iliingia lini, ilitoka lini, ilishusha ngapi, ilituma ngapi. Mfumo wowote wa RADIUS unaweza kuitoa kwa dakika mbili. Cheki kama sesheni mbili zinapandana kwa wakati mmoja, hiyo ni mzimu ama password imezunguka. Cheki kama kuna matumizi siku ulikuwa ushago. Kama yapo, kabla umshuku msee kumbuka ulichoacha on: TV inajisasisha, kompyuta ya Windows inajisasisha, kamera ya mlangoni inatuma video kutwa nzima.

Halafu linganisha na upande wako. Rauta nyingi za nyumbani zina ukurasa wa kuonyesha baiti, na Android ina hesabu ya WiFi kwa kila programu. Namba hazitafanana kabisa, kwa sababu kila pakiti hubeba vichwa vyake na hao wawili hawavihesabu sawa. Ikiwa tofauti ni asilimia chache, wachana nayo. Ikiwa ya kwake ni mara mbili ama tatu ya yako, na inakuwa mbaya zaidi kadri unavyokaa bila kukatika, mwambie aangalie kama mfumo wake unajumlisha ripoti za njiani. Atashangaa umejulia wapi.

Kama wewe ndio msee wa WiFi na jam ndio inakusumbua, wacha kuwinda mtu wa GB nyingi. MikroTik ina kitu kinaitwa PCQ, ambacho laini ikijaa kinagawa kilichopo sawa kwa kila mteja, na ikilegea kinaachilia. Chali wa game atashusha saa nane usiku bila kugusa mtu, na saa tatu atapata kipande sawa na cha mathe. Punguzo la spidi la wanaopitisha kifurushi liweke kwa masaa ya jam tu, na tuma SMS wakifika asilimia 80. Rekodi za sesheni kaa nazo angalau hadi bili inayofuata ilipwe, ndio mtu akija na simu mkononi akiuliza GB zake zilienda wapi, uko na kitu cha kumuonyesha.